Shule Yenu Inataka Kununua Vishikwambi au Projekta? Anzieni Hapa

Kila muhula ukifunguliwa maswali huwa yale yale, yakitoka Ahero, Luanda, Njoro, Molo na kwingineko hapa Kenya. "Mwalimu, tuna laki tatu, tununue nini?" "Kuna kijana amekuja na programu ya hesabu, tumwamini?" "Tuliletewa vishikwambi na havishiki chaji, tufanyeje?" Nimeyajibu kwa simu mpaka nimeona afadhali niyaandike mara moja.

Mwongozo huu ni wa mwalimu aliyekabidhiwa mambo ya TEHAMA kwa sababu tu yeye ndiye mdogo kuliko wote majilisini. Hauhitaji kuwa fundi. Unahitaji ubishi kidogo, daftari, na ujasiri wa kumwambia muuzaji kwamba hamtalipa hata ndururu kabla ya kukiona kifaa kikifanya kazi katika darasa lenu, mikononi mwa walimu wenu, kwa stima yenu.

Uwe na haya kabla ya kuanza

- Kumbukumbu za kikao cha Bodi ya Usimamizi zinazoonyesha kwamba ununuzi huu umekubaliwa, na umo katika mpango wa ununuzi wa mwaka. Bila hilo, kila utakachofanya ni mazungumzo tu.
- Kiasi cha pesa kilichomo kwenye akaunti, si kile kilichoandikwa kwenye bajeti. Mgao wa serikali kwa kila mwanafunzi (shilingi 1,420 kwa mwaka shule ya msingi, 15,042 sekondari msingi, 22,244 sekondari ya kutwa) mara nyingi huja vipande vipande na kwa kuchelewa. Muulize bursa pesa hizo ziko kifungu gani, maana za kifungu kimoja haziruhusiwi kuhamia kingine kiholela.
- Rejista ya mali ya shule.
- Walimu wawili wa kufanya majaribio: mmoja anayependa teknolojia, na mmoja anayeona ni kupoteza wakati. Huyu wa pili ndiye atakayekusaidia zaidi.
- Mzazi mmoja kutoka Chama cha Wazazi anayejua bei za vitu vya umeme. Hakosekani.

Hatua ya 1: Fungua stoo

Kama mko shule ya msingi ya umma, huenda tayari mna vifaa. Kuanzia 2016 serikali ilisambaza vishikwambi vya wanafunzi wa darasa la kwanza, pamoja na laptopu za walimu, projekta na kisanduku cha seva (kompyuta ya kuhifadhi na kugawa masomo) chenye rauta yake. Baadhi ya vifaa hivyo viliunganishwa hapa hapa magharibi, Chuo Kikuu cha Moi. Katika shule nyingi vilifungiwa nyuma ya mlango wa chuma, mwalimu aliyefunzwa kuvitumia akahamishwa, na basi.

Vitoe. Vipange mezani, uvichaji usiku kucha, kisha uandike katika safu tatu: kinawaka na kufanya kazi, kinawaka lakini kina kasoro, hakiwaki. Projekta inayohitaji taa mpya na seva inayohitaji chaja zinaweza kuwapunguzia nusu ya bajeti. Hata vile vilivyokufa ni mali ya umma. Havigawiwi wala haviuzwi kwa fundi wa mtaani kule Kondele bila taratibu za kuondoa mali.

Hatua ya 2: Andika shida ya somo, usiandike jina la kifaa

Hapa ndipo shule nyingi huteleza. Kikao kinaanza na "tununue vishikwambi arobaini" na kinaisha hivyo hivyo. Jaribu kuanza na sentensi ya namna hii: "Gredi ya 7 wana kitabu kimoja cha Sayansi kwa watoto watatu, na hatuna maabara." Au: "Walimu wanapanga foleni kwenye saiba kupakia alama za tathmini kwenye tovuti ya KNEC (Baraza la Mitihani), kila mtu kwa pesa zake." Sentensi ya kwanza inaweza kumalizwa na projekta moja yenye programu za bure za majaribio ya sayansi. Ya pili inamalizwa na kompyuta mbili na intaneti ofisini. Hakuna hata moja kati ya hizo inayodai vishikwambi arobaini.

Andika shida tatu tu, uzipange kwa uzito. Mwalimu wa somo husika atie sahihi chini yake. Sahihi hiyo ina kazi: mwaka ujao mtu akiuliza mbona projekta imekaa kabatini, mnajua nani aliiomba.

Hatua ya 3: Pima shule yenyewe

Zunguka na daftari. Angalia:

*Stima.* Kila darasa lina soketi ngapi zinazofanya kazi? Stima hupotea mara ngapi kwa wiki, na tokeni hununuliwa na nani? Piga hesabu ya wati kabla ya kuamini ekstensheni. Vishikwambi 40 vikichaji kwa wati 10 kila kimoja ni wati 400, mzigo ambao soketi moja ya kawaida inaubeba. Laptopu 20 kwa wati 65 ni wati 1,300, na hapo ekstensheni ya bei rahisi yenye nyaya nyembamba itaanza kunuka. Nao walionunua UPS (kisanduku cha betri kinachoshika stima ikipotea) wakidhani ni betri ya kufundishia siku nzima waelewe kazi yake: ile ndogo ya VA 650 hutoa takriban wati 360 kwa dakika chache tu, zinazotosha kuhifadhi kazi na kuzima mashine kwa utaratibu.

*Radi.* Hili halisemwi na muuzaji anayetoka Nairobi. Kakamega, Vihiga, Kisii na kandokando ya ziwa hupigwa na radi sana. Kifaa cha kuzuia mshtuko wa umeme hakisaidii kitu kama jengo halina waya mzuri wa ardhi. Fundi mwenye leseni aupime kwanza. Na wekeni sheria: wingu likitanda mchana, kila kitu kichomolewe ukutani. Kuzima kwa swichi hakutoshi.

*Mtandao.* Simama katikati ya darasa la mwisho kabisa, si ofisini kwa mwalimu mkuu, upime kasi kwa simu za laini tofauti. Fanya hivyo saa nne asubuhi na tena saa nane mchana.

*Usalama.* Dirisha lina vyuma? Mlango una kufuli ngapi, na nani ana funguo? Soja yuko likizoni pia, au Desemba shule hubaki na mbwa? Chumba kama hakina vyuma, gharama ya vyuma hivyo ni sehemu ya bei ya vishikwambi.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya miaka mitatu

Bei ya kibandiko ni mwanzo tu. Chukua mfano huu (bei ni za kufundishia, usizipeleke sokoni). Vishikwambi 20 kwa shilingi 15,000 ni 300,000. Kisha anakuja mtu na programu nzuri ya "shilingi 300 tu kwa mtoto kwa muhula". Kwa watoto 400 hizo ni 120,000 kwa muhula, 360,000 kwa mwaka. Ndani ya mwaka mmoja programu imegharimu kuliko vifaa vyenyewe, na muhula msipolipa, inazimwa.

Ongeza makava, kabati la kuchajia, bando, matengenezo, taa ya projekta, na siku za kuwafunza walimu. Kisha jiulize ni nani atakayelipa hayo mwaka wa tatu. Kama jibu ni "tutafanya harambee", punguzeni idadi.

Video nazo ni mtego. Somo la dakika kumi linaweza kula megabaiti 100. Watoto 40 wakilitazama kila mmoja kwenye kishikwambi chake kupitia intaneti, ni gigabaiti 4 zimekwenda katika kipindi kimoja. Somo hilo hilo likipakuliwa mara moja na kuwekwa kwenye seva ya darasani, linatumia megabaiti 100 basi. Kwa shule nyingi za huku kwetu, kifaa kinachofanya kazi bila intaneti ndicho cha kutafuta, hata kama kile cha mtandaoni kina rangi za kuvutia zaidi.

Hatua ya 5: Maliza vya bure kwanza

Kabla ya kulipia programu yoyote, jaribu hizi. Kolibri ni maktaba ya masomo inayowekwa kwenye kompyuta moja, nayo inawagawia wengine darasani bila intaneti. PhET, ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, ina majaribio ya fizikia, kemia na hesabu, na mengi yametafsiriwa kwa Kiswahili. GeoGebra ni ya jiometri na grafu. Kiwix inakuwezesha kubeba Wikipedia nzima kwenye diski. Taasisi ya Kukuza Mitaala, KICD, nayo ina hifadhi yake ya mtandaoni, Kenya Education Cloud, yenye maudhui yanayofuata mtaala wetu.

Hizo za nje hazikutungwa kwa mtaala wa umilisi wa Kenya. Mwalimu lazima akae na muundo wa somo achague kinachoingiana. Ni kazi ya jioni kadhaa. Lakini ikiwa walimu hawana muda wa kuchagua vya bure, hawatakuwa na muda wa kutumia vya kulipia.

Mkiamua kununua maudhui, mwombe muuzaji barua ya idhini ya KICD kwa somo na gredi mnayotaka. Kuna wanaoonyesha idhini ya kitabu kimoja cha gredi ya 4 kana kwamba inafunika kila kitu walicho nacho mpaka gredi ya 9.

Hatua ya 6: Jaribuni katika darasa lenu

Hii ndiyo hatua ya kukaa nayo. Muuzaji atakuja na laptopu yake, bando lake, na ataonyesha mwenyewe akiwa mbele ya walimu walioketi wakinywa soda. Hiyo ni sherehe. Mwambie kwa upole: "Asante sana, sasa tuachie kimoja kwa wiki mbili." Anayekataa kabisa, na bidhaa yake ni ya maelfu ya shilingi, amekujibu.

Kabla ya kuchukua chochote, andikeni barua fupi: jaribio hili si ahadi ya kununua, halina malipo, na kifaa kitarudishwa tarehe fulani kikiwa katika hali kilivyokuja. Jaribuni bidhaa za wauzaji zaidi ya mmoja. Mkijaribu ya mtu mmoja halafu ndiye akashinda, mkaguzi atauliza, na atakuwa na haki.

Sasa fanyeni haya:

1. Toeni kwa mwalimu yule asiyependa teknolojia, pamoja na karatasi ya maelezo iliyokuja na kifaa. Msimsaidie. Akikwama, andikeni amekwama wapi.
2. Chagueni kipindi cha kwanza baada ya chakula cha mchana. Jua liko upande wa madirisha, mabati yanachemsha chumba, watoto wameshiba. Projekta iliyong'aa ofisini asubuhi hapa inaweza kugeuka kivuli ukutani. Chini ya lumeni 3,000 (lumeni ni kipimo cha mwanga) katika darasa lisilo na pazia ni kutafuta lawama. Kama walimu wanaishia kufunga leso mbili kwenye dirisha ili grafu ionekane, iandikeni hiyo, kwa sababu ndivyo itakavyokuwa kila siku.
3. Pimeni dakika kutoka mwalimu anapoingia hadi mtoto wa kwanza anapoanza kazi yenyewe. Kipindi cha sekondari msingi ni dakika 40. Kugawa vifaa, kuingiza nywila na kungoja kuwaka kukila 12, mmebaki na 28, na bado hamjavikusanya na kuvihesabu.
4. Hesabuni mikono. Watoto watatu wakishiriki kishikwambi kimoja, kaa nyuma utazame benchi moja tu kwa dakika kumi. Mara nyingi utaona mmoja amekikumbatia, wa pili anamwelekeza kwa kidole, na wa tatu anachora kwenye deski. Mkiona hivyo, jaribuni kuwapa zamu kwa kengele, au mfikirie upya kama skrini moja kubwa haitawafaa zaidi.
5. Zimeni stima katikati ya somo. Kisha zimeni intaneti. Nini kinabaki? Kazi ya mtoto imehifadhiwa au imepotea?
6. Siku ya mwisho, ulizeni swali moja la somo, lile lile kwa darasa lililotumia kifaa na kwa mkondo wa pili uliofundishwa kwa chaki. Halitakupa utafiti wa chuo kikuu, ila litakuonyesha kama watoto walijifunza kitu au walifurahia kugusa kioo.

Baada ya wiki mbili, walimu wawili waandike ukurasa mmoja kila mmoja, wakiwa mbalimbali. Ukurasa wa yule mgumu usomwe kwanza kikaoni.

Hatua ya 7: Andikeni maelezo ya kiufundi

Kwa shule ya umma, sheria ya ununuzi hairuhusu kutaja kampuni fulani kama sharti, isipokuwa pale ambapo hakuna njia nyingine ya kueleza, na hata hapo lazima muongeze "au kinacholingana nacho". Kwa hiyo elezeni kazi na viwango: ukubwa wa skrini, RAM isiyopungua gigabaiti 4, hifadhi halisi, saa za betri, lumeni za projekta, dhamana ya mwaka mmoja au zaidi inayohudumiwa Kisumu, Nakuru au Eldoret. Hilo la mwisho liandikeni kwa herufi nzito. Dhamana inayowadai mpeleke mashine Nairobi kwa nauli yenu ni dhamana nusu.

Kuhusu kompyuta zilizotumika, zile tunazoziita ex-UK: nyingi ni nzuri na bei yake ni ya haki. Ila Microsoft ilikoma kutoa masasisho ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine za Intel za kabla ya kizazi cha nane hazikubaliki rasmi kwa Windows 11. Mkizinunua, zitawafaa kwa Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, ambao ni bure na unaendesha Kolibri na GeoGebra bila taabu. Hakikisheni tu kwamba walimu wameiona Linux wakati wa majaribio, si siku ya kupokea mzigo.

Hatua ya 8: Kotesheni na karatasi zake

Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya 2015, pamoja na Kanuni za 2020, ndizo zinazotawala shule za umma. Mambo ya kukumbuka ni machache:

- Kwa bidhaa, njia ya kotesheni inaruhusiwa hadi shilingi milioni 3. Ombeni kutoka kwa wauzaji wasiopungua watatu.
- Ununuzi mdogo wa moja kwa moja hauvuki shilingi 50,000 kwa bidhaa kwa mwaka wa fedha.
- Ni kosa kuvunja ununuzi mmoja vipande vipande ili ukwepe utaratibu. Vishikwambi vitatu Jumatatu, vitatu Jumatano, vitatu Ijumaa: mkaguzi ameziona hizo mpaka amezichoka.
- Asilimia 30 ya ununuzi wa umma imetengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Kuna vijana wa Kisumu na Nakuru wanaouza kompyuta na wamesajiliwa. Waalikeni.

Ombeni cheti cha usajili wa biashara, cheti cha mamlaka ya kodi, KRA, cha kutimiza kodi, na ankara ya eTIMS (ile ya kielektroniki ya KRA) wakati wa malipo. Ulizeni pia kama bei ina VAT ya asilimia 16 au italetwa baadaye kama mgeni wa usiku.

Onyo: Kotesheni tatu zenye makosa yale yale ya herufi na muhuri wa rangi moja zimetoka kwa mtu mmoja. Usizitie sahihi hata kama mwalimu mkuu ana haraka. Sahihi ni yako, na atakayeulizwa ni wewe.

Shule za binafsi hazibanwi na sheria hii, lakini kotesheni tatu na kamati ndogo huwaokoa hao pia.

Hatua ya 9: Kupokea mzigo

Sheria inataka kamati ya ukaguzi na upokeaji yenye watu wasiopungua watatu. Isifanye kazi saa kumi na moja jioni dereva akipiga honi. Mwambieni alete asubuhi.

Fungueni kila boksi. Linganisheni namba ya kila kifaa na hati ya kuwasilisha mzigo. Halafu:

- Kishikwambi kinachodai hifadhi kubwa kuliko bei yake kinaweza kuwa kinadanganya. Nakilini video za gigabaiti 10 au zaidi ndani yake, kisha mfungue ile ya mwisho. Hifadhi ya uongo hupokea kila kitu na kurudisha takataka.
- Fungueni Play Store, nendeni kwenye mipangilio, mtazame sehemu inayosema kama kifaa kimethibitishwa. Kisichothibitishwa kirudi.
- Kwa laptopu ya Windows iliyotumika, fungueni dirisha la amri (Command Prompt), muandike `powercfg /batteryreport`. Itawapa uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake leo. Betri iliyobaki na chini ya nusu si ya kupokea bila kujadili bei.
- Washeni kila laptopu mpaka kwenye mipangilio ya ndani (BIOS). Baadhi ya mashine za ofisi za ng'ambo zimefungwa kwa nywila ya kampuni iliyozimiliki zamani, na fundi wa mtaani hataifungua.

Kilichokosekana au kisicholingana kiandikwe kwenye hati kabla ya sahihi. Malipo yafuate ripoti ya kamati, yapitie benki kwa jina la kampuni lililo kwenye LPO (hati ya kuagiza bidhaa). Namba ya simu ya mtu binafsi haihusiki hapa.

Hatua ya 10: Muhula wa kwanza

Chorea kila kifaa namba ya shule, uiingize kwenye rejista siku hiyo hiyo. Tengeneza barua pepe ya shule ya kusimamia programu na vifaa vyote. Usitumie ya mwalimu binafsi. TSC, tume inayoajiri walimu, ikimhamisha kwenda Turkana mwezi wa pili, ataondoka na funguo za kila kitu bila hata kujua.

Programu ikiomba majina, picha au alama za watoto, soma Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Taarifa za mtoto zinahitaji idhini ya mzazi. Mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data iliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini hiyo. Fomu ya ukurasa mmoja siku ya mkutano wa wazazi, kwa lugha wanayoielewa, inatosha kuanzia. Mwulize muuzaji pia data inakaa wapi, na mkiachana naye itafutwa vipi. Jibu liwe kwa maandishi.

Mambo yakienda kombo

*Kishikwambi kimekaa likizo nzima na sasa hakiwaki.* Kiache kwenye chaja saa kadhaa kabla ya kukikatia tamaa, na ujaribu kebo nyingine. Kebo hufa haraka kuliko vifaa. Likizo ijayo viache na chaji ya nusu, mtu avichaji tena kila mwezi.

*Kinawaka lakini kila programu inakataa kuingia au inadai mtandao si salama.* Tazama tarehe. Betri ikiisha kabisa, saa ya kifaa inaweza kurudi nyuma miaka kadhaa, na tovuti zikaanza kukataa kuunganishwa. Rekebisha tarehe, kisha ujaribu tena.

*Rauta inakwama darasa zima likiingia.* Rauta ya nyumbani haikuundwa kubeba vifaa 40 kwa pamoja. Gawa watoto makundi mawili, au nunua kituo cha Wi-Fi cha kiwango cha ofisi. Kuongeza bando hakutasaidia, kwa sababu shida iko kwenye kisanduku chenyewe.

*Projekta inazimika yenyewe baada ya nusu saa.* Kwanza safisha kichujio cha hewa. Vumbi la chaki na la barabara za Nyando hukiziba mpaka mashine ijizime isiungue. Usiiweke juu ya kitambaa wala usiichomoe kabla feni yake haijasimama.

*Muuzaji ameleta modeli tofauti na kusema "hii ni bora zaidi".* Inaweza kuwa kweli. Kamati iilinganishe na maelezo yenu ya kiufundi, mstari kwa mstari. Ikipungukiwa hata mmoja, irudi. Ikitimiza yote, akubali kwa maandishi kwamba bei haibadiliki.

*Walimu hawatumii.* Usianze na semina. Angalia kwanza ratiba ya funguo. Mara nyingi chumba kina funguo moja, na mwenye nayo ana vipindi siku nzima. Gawa funguo, bandika ratiba mlangoni, kisha utazame wiki mbili.

*Mgao umechelewa na leseni ya programu inaisha.* Hamisha alama na kazi za watoto kwenda faili la kawaida kabla ya tarehe ya mwisho. Programu isiyokuruhusu kutoa data yako haikupaswa kupita Hatua ya 6.

*Wanafunzi wa zamani wanataka kutuletea kompyuta 50 kuukuu.* Washukuruni, kisha muombe walete moja kwanza, mwipitishe kwenye majaribio yale yale. Ikiwafaa, wapeni orodha ya idadi mnayoweza kuitia stima na kuifungia mlango. Kama ni 15, semeni 15, na mwaombe waelekeze pesa za hizo nyingine kwenye waya wa ardhi na vyuma vya madirisha.